Bahati, kete na madeni: maswali kuhusu sheria za meza yetu

Kila anapoingia mchezaji mpya kwenye meza yetu ya Jumamosi usiku, maswali ni yale yale, na karibu yote yanahusu Bahati. Nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, kwa hiyo nimekaa nikayaandika.

Kwa asiyejua: tunacheza Call of Cthulhu, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi za kutisha kutoka kampuni ya Chaosium, toleo la saba lililotoka 2014. Wahusika wetu ni wapelelezi wa Marekani ya miaka ya 1920, watu wa kawaida tu (mwandishi wa gazeti, daktari, mjane mwenye nyumba ya kupangisha), wanaochokonoa mambo wasiyotakiwa kuyajua. Sisi wenyewe tuko Dar, tunakaa sebuleni, na tunaongea Kiswahili mwanzo mwisho. Anayesimulia na kuamua tunamwita Mwendeshaji. Kwa sasa ni mimi.

Bahati ni nini hasa?

Ni namba kwenye karatasi ya mhusika wako. Unarusha dadu tatu za pande sita, unajumlisha, unazidisha kwa 5. Ya chini kabisa ni 15, ya juu ni 90, na wastani ni 52.5. Mhusika mwenye umri wa miaka 15 hadi 19 anarusha mara mbili na kuchukua iliyo kubwa, kwa sababu ujana una upendeleo wake. Rusha mbele za watu. Hatupokei karatasi iliyojazwa nyumbani ikiwa na Bahati 85.

Mwendeshaji akiita Bahati, unarusha dadu mbili za pande kumi, moja ya makumi na nyingine ya mamoja. Ukipata namba iliyo sawa na Bahati yako au chini yake, mambo yamekuendea vizuri. Ukizidi, pole.

Kaka yangu alicheza toleo la zamani, anasema Bahati haikuwa hivi.

Kaka yako yuko sahihi. Mchezo ulitoka 1981, na kwenye matoleo ya zamani Bahati ilikokotolewa kutoka sifa ya nguvu ya roho, mara 5. Matokeo yake aliyejaliwa roho ngumu alijaliwa kila kitu: Utimamu wa akili wa kuanzia, pointi za uchawi, na Bahati juu yake. Tena ilikuwa namba iliyokaa tu pale, hailiwi. Toleo la saba likaitenganisha, na likaongeza sheria ya hiari inayoruhusu kuitumia Bahati kama fedha ya kuokoa mrusho ulioshindwa. Imeandikwa ya hiari. Kuna meza zisizoitumia. Sisi tunaitumia, ila tumeikaba koo kidogo.

Unaita Bahati wakati gani, na wakati gani unaita ujuzi?

Kama jambo liko mikononi mwa mhusika, ni ujuzi (kila ujuzi nao una namba yake kwenye karatasi, unarushiwa vilevile). Kama liko mikononi mwa dunia, ni Bahati. Unataka kunyata ngazini bila mbao kulia? Kunyata. Unataka kujua kama mlinzi ameenda msalani muda huohuo? Bahati. Umeingia kwenye gari la marehemu na unauliza kama kuna tochi? Bahati. Unauliza kama tochi yenyewe inawaka? Hiyo hiyo, usirudie kurusha.

Siiti Bahati kuamua kama mtapata ushahidi ambao hadithi haiwezi kwenda bila huo. Nilikosea hivyo zamani: barua ilikuwa ndani ya kitabu, watu wanne wakashindwa mmoja baada ya mwingine, tukakaa robo saa tunatazamana kama wageni waliofika msibani siyo.

Mnalipaje Bahati? Kitabu kinasema pointi moja kwa moja.

Ndiyo, kitabu kinasema ukikosa kwa 8 unalipa pointi 8, unafuta namba na kuandika mpya. Shida ni kwamba kufuta namba kwa penseli hakumuumi mtu. Nimeona mchezaji akishuka kutoka 60 hadi 12 bila kustuka, kisha anauliza, "Hivi nimebaki na ngapi?"

Kwa hiyo tunatumia kete za bao. Bao kamili la Kiswahili lina komwe 64, na Bahati ya kuanzia daima inagawanyika kwa 5, maana ndivyo inavyokokotolewa. Kete moja ni pointi 5. Bahati 55 ni kete kumi na moja, zinakaa mbele yako mezani, kila mtu anaziona. Kwa watu wanne wenye Bahati ya wastani unahitaji kama kete 42, bao moja linatosha na chenji.

Kulipa ni kwa kete nzima. Umekosa kwa 2? Kete moja. Umekosa kwa 6? Mbili. Hakuna chenji. Hesabu yangu ni kwamba kwa wastani unapoteza pointi 2 za ziada kila unapolipa, na hiyo nimeifidia kwenye namna Bahati inavyorudi, utaona chini.

Na lazima uzisukume mwenyewe hadi bakuli la katikati, moja moja. Inaonekana mzaha mpaka uione. Mwezi uliopita mwandishi wetu wa gazeti alikuwa kwenye ghala la chini, Kunyata kwake 55, dadu zikatoka 63. Alikuwa na kete mbili. Akaziangalia. Akasukuma ya kwanza, tk, kwenye mbao. Akaacha kidole juu ya ya pili muda mrefu mpaka mwenzake akamwambia, "Weka basi, mwanangu." Akaweka. Akapita salama. Chumba kilichofuata hakikuwa na taa, na mbele yake mezani hapakuwa na kitu. Sikuhitaji kusimulia kitu cha kutisha, alikuwa ameshatishika mwenyewe.

Naweza kulipa ili nifaulu zaidi ya inavyohitajika?

Hapana. Kitabu kinaruhusu kushusha namba mpaka ufikie kiwango cha juu zaidi. Sisi hatuendi huko. Unalipa kufikia kiwango kilichotakiwa, basi. Kama Mwendeshaji ametaka ufaulu mgumu, yaani nusu ya ujuzi wako, hapo ni halali. Mfano: Kuchunguza kwako ni 60, umetakiwa ngumu, kwa hiyo 30 au chini. Umepata 47. Umekosa kwa 17, ni kete nne. Fikiria kwanza.

Kuna vitu visivyonunulika kabisa?

Vipo, na hapa tunafuata kitabu neno kwa neno. Hulipii mrusho wa Bahati yenyewe. Hulipii madhara ya silaha. Hulipii Utimamu, wala kiasi cha Utimamu unachopoteza. Bunduki iliyokwama imekwama. Ukiboronga, yaani 100, au 96 hadi 100 pale unapotakiwa kupata chini ya 50, umeboronga. Kete zako kaa nazo. Na ukiamua kung'ang'ania, maana yake kurusha mara ya pili kwa kukubali kwamba ukishindwa patachimbika, mrusho huo wa pili haulipiwi. Chagua: ulipe, au ung'ang'anie.

Jambo moja watu husahau: ujuzi ulioupata kwa kulipa hupewi alama ya kuukuza mwisho wa kikao. Ulibahatika, hukujifunza.

Kwa nini Utimamu usilipiwe? Mhusika wangu ana kete kumi na mbili na anaelekea kuwa kichaa.

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ambalo silegezi.

Mchezo huu una mizani mbili. Bahati inashughulika na dunia ya nje: mlango, mvua, mlinzi, tochi. Utimamu unashughulika na kile ulichokiona. Ukishakiona, umekiona. Nikikuruhusu kununua usalama wa akili kwa kete, basi lile jambo lililoko chini ya kisima linakuwa na bei, na kitu chenye bei hakitishi. Watu wanaanza kukipigia hesabu kama nauli. Tuliwahi kujaribu. Miaka ya nyuma niliruhusu kete tatu zipunguze hasara ya Utimamu kwa nusu, tena nikawa natoa kete za bure kwa yeyote aliyechekesha meza. Vikao vitatu baadaye walikuwa wanaingia makaburini kama wanaenda sokoni. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyepagawa, na nakumbuka mmoja akipiga miayo mbele ya kitu chenye midomo kumi na minne. Nikafuta sheria usiku uleule.

Mwenye kete kumi na mbili anayeelekea ukichaa ni mhusika mzuri kuliko unavyodhani. Milango yote inamfungukia, na hataki tena kuifungua.

Kete zikiisha?

Kitabuni hakuna adhabu maalumu. Bahati sifuri inamaanisha tu kwamba kila mrusho wa Bahati unashindwa. Kwetu kuna mlango mmoja zaidi: kukopa.

Kukopa kunakwendaje?

Mwenye kete mbili au chini ya hapo anaweza kukopa kutoka bakuli la katikati. Kwa kila kete unayochukua, mimi naweka kizibo cha soda mbele yangu, chenye jina lako ndani kwa kalamu. Mwisho ni vizibo vitatu kwa mtu mmoja.

Kizibo ni changu kukitumia ninapotaka. Kinaweza kukupa dadu ya adhabu, yaani unarusha dadu mbili za makumi na kuchukua iliyo mbaya. Au kinaweza kugeuza jambo dogo ambalo halijathibitishwa: mlango mliodhani mmeufunga haukufungwa, kiberiti kimeloa, jirani aliyeahidi kukaa kimya amesema. Sikitumii kumuua mtu moja kwa moja, na sikitumii bila kukionyesha. Nakigeuza mezani jina likiwa juu, nakaa kimya kidogo, ndipo nasimulia.

Mkopo huja umechangamka, kila mtu anacheka. Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Vizibo havifutiki mwisho wa kikao. Nina kimoja kimekaa tangu kabla ya Ramadhani na mwenyewe ameshaanza kuniuliza, "Utakitumia lini?" Sina haraka.

Naweza kulipa deni kwa hiari?

Ndiyo. Mwisho wa kikao rudisha kete mbili, chukua kizibo kimoja. Ni riba, ndiyo.

Nikifa nikiwa na deni?

Umewahi kuwa mazikoni ukasikia tangazo la anayemdai marehemu aonane na familia. Hivyohivyo. Kete zako zinarudi bakulini, hazirithiwi na mtu. Vizibo vyako vinabaki mezani na ninaweza kuvitumia kwa yeyote aliyekuwepo ulipokufa. Mhusika wako mpya anaanza safi na Bahati yake mwenyewe.

Bahati ya kikundi: kwa nini kila mara ninarusha mimi?

Kwa sababu una Bahati ndogo kuliko wote. Kitabu kinasema likitokea jambo la kikundi kizima, anarusha mwenye Bahati ya chini kati ya waliopo. Watu huona ni uonevu, lakini hesabu inasema meza karibu zote zina mtu wa namna hiyo. Uwezekano wa mtu mmoja kuanza na Bahati 50 au zaidi ni asilimia 62.5. Uwezekano wa wote wanne kuwa hivyo ni kama asilimia 15 tu. Kwa hiyo mezani kwenye watu wanne, zaidi ya mara nane kati ya kumi yupo angalau mmoja aliye chini ya nusu, na yeye ndiye anayebeba wenzake.

Kwetu mtu huyo aliitwa Nuksi. Ilianza kama utani, ikafika mahali wenzake wakawa wanamwacha hotelini ili wasirushiwe Bahati yake. Nikajaribu sheria ya zamu: ukisharusha mara moja, anafuata wa pili kutoka chini. Usawa ulikuwepo, hofu ikaondoka, maana kila mtu alijua zamu ni ya nani. Nikairudisha ya kitabu, nikaongeza kipande kimoja: anayerushia kikundi na kushindwa anapata kete moja kutoka bakulini. Mkosi umemlipa kidogo. Na kumwacha hotelini bado ni halali, ila ukiwa peke yako hotelini kwenye mchezo huu, unajua mwenyewe.

Bahati inarudije?

Mwisho wa kila kikao unarusha zile dadu mbili za pande kumi. Ukizidi Bahati uliyonayo, umepata. Kitabu kinakupa dadu moja ya pande kumi ya pointi. Sisi tunarusha dadu hiyohiyo: 1 hadi 5 ni kete moja, 6 hadi 10 ni kete mbili. Bahati haipandi kupita 99 kitabuni. Kwetu mwisho ni kete kumi na tisa.

Watu hawajui hii ni kidogo kiasi gani. Mwenye Bahati 50 ana nusu ya nafasi ya kupata chochote. Kwa kitabu, hiyo ni wastani wa pointi 2.75 kwa kikao; kwa kete zetu ni 3.75. Mwenye 10 yuko vizuri zaidi, anapata mara tisa kati ya kumi, lakini hata yeye kwetu anavuna chini ya pointi 7. Ukitumia kete nne usiku mmoja, hazirudi wiki ijayo, wala ile nyingine. Bahati inatoka kwa ndoo na kurudi kwa kijiko. Ndivyo ninavyoitaka.

Naweza kumgawia mwenzangu kete?

Hapana.

Hata mume wangu?

Hasa yeye.

Mhusika wangu anavaa hirizi, au rozari. Inaongeza Bahati?

Haiongezi namba yoyote. Nimeombwa sana, na jibu ni kwamba hirizi ikipewa namba inakuwa spana. Isiyo na namba inafanya kazi kubwa zaidi: asubuhi unaikuta kamba imekatwa kwa meno, na hakuna hata mmoja wenu anayeuliza imepunguza pointi ngapi.

Dadu si kamari?

Hakuna fedha mezani, na hakuna anayeshinda kitu cha mwenzake. Lakini najua nyumba ambazo dadu yenyewe haipendwi, hata bila fedha, na sibishani na mtu ndani ya imani yake. Mmoja wetu hagusi dadu. Ana makopo mawili ya maziwa, kila moja lina vipande kumi vya karatasi, 0 hadi 9. Anachomoa kimoja kila kopo, la kwanza makumi, la pili mamoja, sifuri mbili ni 100, kisha anavirudisha. Uwezekano ni uleule. Tena kuchomoa karatasi kunachukua muda kuliko kurusha, na meza nzima inaganda kumsubiri aikunjue.

Njia hiyohiyo inamfaa asiyepata dadu za pande kumi madukani.

Tukicheza hadithi ya usiku mmoja?

Hapo Bahati hairudi, kwa hiyo watu humwaga zote. Tunaweka ukomo wa kete nane kwa kila mtu, haijalishi ulirusha nini. Na mwisho kabisa, aliyebaki hai anarusha Bahati kwa kete zilizomsalia. Akifaulu, anasimulia mwenyewe maisha yake baada ya pale. Akishindwa, nasimulia mimi. Tangu tuanze hivyo, kuna watu wanakataa kulipa hata mlango ukiwa unavunjwa.

Kuna lile toleo la mashujaa, Bahati yao ni nyingi. Kwa nini msilitumie?

Pulp Cthulhu, ya 2016. Mle unarusha dadu mbili za pande sita, unaongeza 6, mara 5, kwa hiyo huanzi chini ya 40, na ukiwa na angalau pointi 30 unaweza kuzitoa zote ukaepuka kifo cha wazi. Ni tamu, nimeicheza. Ila ni mchezo wa kuruka kutoka kwenye ndege iliyowaka moto. Ukitaka huo, sema, tutapanga usiku wake.

Mwendeshaji naye huwa anadanganya dadu?

Narusha hadharani. Hata zile ambazo ningependa zisionekane.

Mbona nimehesabu kete 63?

Ya 64 iliingia chini ya friji usiku umeme ulipokatika, na friji hatulisogezi kwa sababu ya mguu wake mmoja. Ukiipata, irudishe bakulini. Haihesabiwi kuwa Bahati yako, nimeshajibu hilo mara tatu.